Kuleta mke, watoto na mama mzazi Uingereza: kipato, na binti anayekaribia miaka 18

Mnyanjani_Leicester – 4 Oktoba 2025

Assalaam alaykum ndugu zangu, na shikamoo kwa wakubwa. Naomba msaada wa wale waliokwisha kupita njia hii, kwa sababu kila ninayemuuliza hapa Leicester ananipa jibu lake, na majibu yenyewe hayaafikiani.

Mimi ni Mtanzania mwenye ukaazi wa kudumu hapa Uingereza tangu 2023, na uraia sijauomba bado. Nafanya kazi ghalani kwa mkataba wa kudumu. Mshahara wangu ni pauni 27,400 kwa mwaka kabla ya makato, na miezi mingi huongeza ovataimu ya mwisho wa wiki. Mke wangu yuko Tanga pamoja na mtoto wetu wa kiume aliyezaliwa 2021. Ndoa yetu ilifungwa msikitini mwaka 2019 na ina cheti kilichosajiliwa RITA, wakala wa usajili wa Tanzania. Katika nyumba hiyo hiyo wanaishi mama yangu mzazi, ambaye ana miaka 71, na binti yangu niliyempata kabla ya ndoa hii, ambaye atatimiza miaka 18 mwezi Februari mwakani na sasa anajiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Mama yake binti aliolewa Mombasa zamani. Humpigia simu mwanawe siku za Idi na mara chache nyinginezo, lakini ada ya shule, matibabu na maamuzi yote ya malezi yamekuwa juu yangu.

Nilivyopanga ni kusubiri hadi Aprili, mshahara utakapopanda, halafu niwaombee wote wanne kwa pamoja ili wasafiri kama familia moja. Naomba kujua kama mpango huo unafaa. Pia nina akiba ya pauni 9,000, na kaka yangu aliyeko Muscat yuko tayari kunikopesha 12,000 niziweke benki ili hesabu itimie. Mwisho, mke wangu ana cheti cha kidato cha nne na alisoma masomo yote ya sekondari kwa Kiingereza, isipokuwa Kiswahili. Je, bado anatakiwa kufanya mtihani wa lugha?

---

Nasaha78 – 4 Oktoba 2025

Wa alaykum salaam, kaka. Nitajibu upande wa fedha na wa mke wako, na habari ya binti nitawaachia wanaoijua zaidi yangu, ingawa nakuomba tangu sasa usiifunge safari yake na ya wengine katika fundo moja.

Kima cha kipato kwa anayemleta mwenza ni pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya makato. Kilianza tarehe 11 Aprili 2024. Kabla ya hapo kilikuwa 18,600, kiwango kilichokuwapo tangu Julai 2012, na zamani hizo kila mtoto aliongeza kiasi juu yake. Kwa maombi mapya nyongeza ya mtoto imeondolewa, kwa hiyo awe ni mke peke yake au mke na watoto watatu, kima ni kile kile. Serikali iliyopita ilikusudia kukipandisha hadi 38,700 kwa hatua, lakini hatua hizo zilisimamishwa, na Juni mwaka huu Kamati ya Ushauri wa Uhamiaji ilitoa ripoti yake kuhusu kima hiki. Mpaka leo hakijabadilishwa, na maombi hupimwa kwa sheria iliyopo, si kwa sheria inayotarajiwa.

Umepungukiwa pauni 1,600, na sioni sababu ya kusubiri nyongeza ya Aprili, kwa maana ovataimu inahesabika. Kwa mtu aliyeajiriwa kwa mshahara na amekaa kwa mwajiri mmoja miezi sita au zaidi, huchukuliwa mshahara wa msingi wa chini kabisa aliolipwa katika miezi hiyo sita, kisha huongezwa wastani wa ovataimu ya miezi hiyo hiyo uliogeuzwa kuwa wa mwaka. Ikiwa ovataimu yako ilikuwa wastani wa pauni 140 kwa mwezi, hiyo ni 1,680 kwa mwaka, na jumla yako ni 29,080. Umevuka. Kaa chini na hati zako za mshahara za miezi sita iliyopita ufanye hesabu hiyo kabla ya kufikiria jambo jingine lolote.

Fedha za kaka yako ziache Muscat. Akiba inaruhusiwa kuziba pengo la mshahara, lakini lazima iwe mali yenu, isiwe mkopo, na iwe imekaa chini ya miliki yenu kwa miezi sita mfululizo kabla ya maombi. Zaidi ya hayo, pauni 16,000 za kwanza hazihesabiwi kabisa. Kinachozidi hapo ndicho hugawanywa kwa mbili na nusu. Kwa pengo lako la 1,600 ungehitaji akiba ya 20,000, na asiye na kipato chochote huhitaji 88,500. Zawadi ya kweli isiyorudishwa inakubalika ikishatimiza miezi sita, ila wewe mwenyewe umeiita mkopo, na mkopo hauwi zawadi kwa sababu ndugu wawili wamekubaliana kuuita hivyo.

Afisa hatakuja kukuona ghalani; atasoma karatasi. Anataka hati za mshahara za miezi sita, taarifa za benki za miezi hiyo hiyo zinazoonyesha kila mshahara ukiingia kwa kiasi kile kile kilichoandikwa katika hati, na barua ya mwajiri inayotaja cheo, aina ya mkataba, mshahara na muda uliokuwa nao kazini. Hati ya mwisho isiwe imepitisha siku 28 siku unapowasilisha maombi. Kama kuna mwezi ambao mwajiri alikulipa sehemu kwa fedha taslimu ambazo hukuziingiza benki, sehemu hiyo ihesabu kuwa haipo.

Kuhusu Kiingereza, mkeo atafanya mtihani. Cheti cha kidato cha nne hakikubaliki hata kama masomo yalifundishwa kwa Kiingereza, kwa sababu msamaha ni kwa raia wa nchi zilizo katika orodha ya wenye Kiingereza kama lugha ya wengi, na Tanzania haimo. Au kwa mwenye shahada ya chuo kikuu iliyofundishwa kwa Kiingereza, ambaye naye lazima apate uthibitisho wa Ecctis, shirika la Uingereza linalotambua vyeti vya nje. Au kwa aliyetimiza miaka 65, au mwenye ulemavu au maradhi yanayomzuia. Usiogope: ni A1, ngazi ya chini kabisa, kuongea na kusikiliza tu, hakuna kuandika. Lililo muhimu ni kwamba mtihani ufanywe kwa mtoaji aliyeidhinishwa na serikali ya Uingereza kwa ajili ya viza, kwa kuwa ipo mitihani yenye jina linalofanana ambayo haifai. Miaka miwili na nusu baadaye, wakati wa kuongeza muda, atatakiwa afike A2, na wakati wa kuomba ukaazi wa kudumu, B1.

Gharama ndizo zinazowashtua watu wengi. Kwa mwaka huu wa 2025, ada ya maombi kutoka nje ni pauni 1,938 kwa kila mtu, mtoto kwa mkubwa. Ada ya huduma za afya ni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto, na kwa viza ya miezi 33 hulipwa ya miaka mitatu kamili, yaani 3,105 kwa mkeo na 2,328 kwa mwanao. Jumla ya wawili hao ni pauni 9,309, kabla ya mtihani wa lugha, kipimo cha kifua kikuu na nauli. Akiba yako ya 9,000, kwa hiyo, usiitazame kama kitu cha kuzibia pengo la mshahara. Kazi yake imeshapatikana.

Swali moja la kando: una hakika mtoto wa 2021 si raia? Kwa maelezo yako si raia, kwa sababu hukuwa na uraia alipozaliwa na alizaliwa nje. Lakini wapo wanaosoma hapa waliopata uraia wa kuandikishwa kabla mtoto hajazaliwa Tanzania au Kenya, na huyo ni Mwingereza tangu kuzaliwa. Huombewa pasipoti, haombewi viza, na nimeona watu wakilipa maelfu ya pauni kwa kitu ambacho mtoto alikuwa nacho tayari.

---

Mama_Salma_Reading – 5 Oktoba 2025

Kaka Mnyanjani, Nasaha78 amekujibu vizuri, lakini ameligusa kwa mbali jambo ambalo mimi naliona ndilo la haraka kuliko yote. Mpango wako wa kusubiri Aprili utamfungia binti yako mlango.

Mtoto huombewa akiwa na umri chini ya miaka 18 siku ya maombi, na siku ya maombi ni siku unayowasilisha fomu mtandaoni na kulipa ada. Akitimiza 18 wakati maombi yakiwa mezani kwa afisa, hanyimwi kwa sababu hiyo. Ukiwasilisha siku moja baada ya siku yake ya kuzaliwa, anahesabiwa mtu mzima, na kwa mtu mzima aliye mwanafunzi mwenye afya hakuna njia ya familia ya kumleta inayostahili kuitwa njia.

Pili, na hili wengi hawalijui, binti huyu hahusiki na zile pauni 29,000. Yeye haji kama mtoto wa mkeo. Njia yake ni aya ya 297 ya Kanuni za Uhamiaji, inayomhusu mtoto ambaye mzazi wake mmoja ana ukaazi wa kudumu hapa na amekuwa na wajibu wa malezi peke yake. Hapo hakuna kima kilichoandikwa. Kipimo ni kwamba, ukishalipa kodi ya serikali na ya nyumba, unabaki na fedha za kuwatunza bila kuingia katika misaada ya umma. Mshahara wa 27,400 kwa baba na binti mmoja unatosha ukionyesha mkataba wa nyumba na taarifa za benki. Na akikubaliwa kwa aya hiyo hupewa ukaazi wa kudumu moja kwa moja, kwa hiyo ada ya huduma za afya hailipwi.

Ugumu wake uko penginepo: katika kuthibitisha huo wajibu wa peke yako. Shauri linalofuatwa mpaka leo ni la mwaka 2006, lililohusu familia ya Yemen, ambapo baraza la rufaa lilieleza kuwa malezi ya kila siku yanaweza kuwa mikononi mwa mtu mwingine, bibi, shangazi au yeyote, bila mzazi kupoteza wajibu huo. Kinachoangaliwa ni nani mwenye usimamizi wa kudumu na nani anayefanya maamuzi makubwa ya maisha ya mtoto. Pale wazazi wote wawili wanapokuwa wanashiriki katika malezi, ni nadra mmoja wao kuhesabiwa kuwa na wajibu peke yake. Kumbuka pia kwamba kutuma fedha peke yake si ushahidi wa maamuzi. Miamala ya simu ya miaka kumi inaonyesha kwamba ulilisha, haionyeshi kwamba uliamua.

Kwa hiyo tafuta karatasi zinazoonyesha uamuzi. Nani aliamua asome shule ile na si nyingine? Nani alijulishwa alipofeli hesabu, alipougua, alipotaka kwenda bweni? Mkuu wa shule aandike barua kwa maneno yake mwenyewe, aeleze tangu lini anakujua, mliwasiliana kwa njia gani na kuhusu nini. Kuna jamaa mmoja hapa Reading ambaye maombi ya mwanawe yalikwamia kwenye fomu ya kujiunga na shule: pale palipoandikwa "mzazi au mlezi" paliwekwa jina la bibi na namba ya simu ya bibi, naye baba hakutajwa popote. Afisa aliuliza, na kwa haki kabisa, ikiwa shule yenyewe haimjui baba, baba huyo amekuwa akiamua nini. Fungua faili la binti yako shuleni uone jina la nani limo. Kama ni la mama yako, mama yako aandike hati ya kiapo inayoeleza kwamba alisaini kwa maelekezo yako kwa kuwa wewe uko mbali, na uambatanishe ujumbe wa simu wa wakati huo unaounga mkono maneno yake.

Kuhusu mama yake wa Mombasa, uwe mwangalifu sana na barua mtakayomwandikisha. Watu hupenda barua ya mstari mmoja isemayo "mimi mama mzazi nakubali mwanangu aende kwa baba yake". Barua ya namna hiyo inaweza kukuumiza, kwa sababu anayetoa idhini ni mtu mwenye sauti katika jambo. Barua yenye manufaa ni ile inayoeleza historia kwa ukweli: waliachana na mtoto lini, ameshiriki au hakushiriki katika yapi, anaonana naye mara ngapi, na kwamba hana pingamizi. Zile simu za Idi msizifiche. Mapenzi ya mama kwa mwanawe si ushiriki katika maamuzi, na afisa akizigundua mwenyewe atajiuliza ni nini kingine kilichofichwa. Kama muda unaruhusu, amri ya malezi kutoka Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 ingeongeza nguvu, pamoja na taarifa ya afisa ustawi wa jamii aliyekwenda nyumbani. Lakini usiiache tarehe ya Februari ikupite kwa kusubiri mahakama.

---

Nesi_Kisauni – 5 Oktoba 2025

Naomba niongeze kwa ajili ya wasomaji ambao hawana ukaazi wa kudumu, kwa maana haya yote yaliyoandikwa hapo juu yanamhusu mdhamini aliye raia au mkaazi wa kudumu, na naona wengi wanachanganya.

Mimi niko hapa kwa viza ya wahudumu wa afya kama nesi. Sisi hatuulizwi pauni 29,000, na familia yetu hailipi ada ya huduma za afya. Kinachotakiwa ni akiba ya pauni 285 kwa mwenza, 315 kwa mtoto wa kwanza na 200 kwa kila mtoto anayefuata, iliyokaa benki siku 28, au mwajiri athibitishe kwamba atawatunza mwezi wa kwanza. Wasaidizi wa wagonjwa na wazee, wale wa nyumba za kulelea, habari yao ni tofauti kabisa: aliyeingia katika viza hiyo tangu tarehe 11 Machi 2024 haruhusiwi kuleta mwenza wala mtoto, hata awe na mshahara gani. Wanafunzi nao, tangu Januari 2024, ni wale wa shahada za utafiti na wale wanaofadhiliwa na serikali tu wanaoruhusiwa. Wakala akikuambia vinginevyo, mwambie akuonyeshe kanuni yenyewe.

Kina dada wenzangu wanaolea peke yao wazingatie kwamba hata kwa viza za ajira lile suala la wajibu wa peke yako lipo. Mtoto anatarajiwa kuja kwa wazazi wote wawili. Akija kwa mmoja, lazima uonyeshe kwamba mwenzako amefariki au hana nafasi katika malezi, na maelezo ya Mama Salma kuhusu ushahidi yanakufaa vile vile.

---

Mzee_wa_Ngamiani – 6 Oktoba 2025

Mwanangu Mnyanjani, marahaba. Hakuna aliyemgusa mama yako, nami nadhani wamekwepa kwa huruma. Niseme mimi.

Tangu Julai 2012 njia ya kuleta mzazi imebanwa kiasi kwamba wanaofaulu ni wachache mno. Haitoshi awe mzee, wala mjane, wala mpweke, wala haitoshi kwamba wewe ndiye mtoto wake pekee mwenye uwezo. Lazima awe anahitaji, kwa sababu ya umri, maradhi au ulemavu, msaada wa muda mrefu wa mtu katika mambo ya kila siku kama kuoga, kuvaa na kupika. Na juu ya hapo lazima ithibitishwe kwamba msaada huo hauwezi kupatikana huko aliko, hata kwa fedha zako, ama kwa kuwa haupo na hakuna mtu wa kuutoa, ama kwa kuwa gharama yake haimudiki. Kwa Tanga, ambako msichana wa kazi na muuguzi wa kuja nyumbani wanapatikana kwa sehemu ndogo ya mshahara wa Leicester, afisa atakuuliza kwa nini usilipie hapo hapo. Mdhamini naye hutia saini ahadi ya kumtunza mzazi kwa miaka mitano bila misaada ya umma.

Sasa angalia jinsi maombi yanavyogongana. Kwa binti utaandika kwamba bibi amekuwa akimtunza kila siku kwa maelekezo yako. Kwa mama utaandika kwamba hawezi kujipikia. Afisa anayesoma faili mbili za familia moja, kutoka nyumba moja, mwezi mmoja, ataweka karatasi hizo pamoja, na hatakuwa na haja ya kuwa mwerevu sana ili aone kwamba moja inaipinga nyingine. Mama anayepika, anayekwenda sokoni na kumsimamia mjukuu ni mama mwenye afya, alhamdulillahi, na kwa hali hiyo hana maombi ya kupeleka. Aje kwa viza ya matembezi, miezi sita kwa kila safari, arudi kwa wakati. Asiifanye kuwa makazi kwa kwenda na kurudi, kwa kuwa hilo nalo limekatazwa.

Jambo jingine dogo. Angalia cheti chako cha ndoa kimeandikwa ndoa ya aina gani. Kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, ndoa ya Kiislamu huchukuliwa kuwa ni ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo, na hilo peke yake halikuzuii ikiwa una mke mmoja. Lakini kwa wenzetu wenye wawili, kanuni za hapa hazimruhusu mke kuingia kwa nafasi ya mke ikiwa mke mwingine wa mume huyo yuko hai na amekwisha kuingia Uingereza kwa nafasi hiyo. Wengine huja kulijua hili baada ya kulipa ada.

---

Mnyanjani_Leicester – 8 Oktoba 2025

Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Nimefanya ile hesabu ya ovataimu. Wastani wangu wa miezi sita ni pauni 163, kwa hiyo jumla ni 29,356. Nimepumua.

Nimempigia pia mwalimu mkuu. Faili la shule lina majina mawili, langu kama mzazi na la mama yangu kama mtu wa kuitwa ikitokea dharura, na barua pepe zangu za mwaka 2022 kuhusu kumhamisha mchepuo bado ninazo. Mama yake binti amekubali kueleza mambo kama yalivyo mbele ya wakili wa Mombasa.

Nimebaki na maswali mawili. Nyumba yangu ni ya vyumba viwili vya kulala na sebule. Je, itahesabiwa kuwa imejaa wakija wote watatu? Na mtihani wa kidato cha nne unaanza Novemba. Nisubiri amalize ndipo niwasilishe, au nifanyeje? Kuna mtu mjini anayesema kwa pauni 800 atanifanyia yote na ataniharakishia kwa kuwa anajuana na watu.

---

Mama_Salma_Reading – 8 Oktoba 2025

Nyumba inatosha. Sheria ya Nyumba ya 1985 inahesabu sebule kuwa chumba kinachoweza kulalwa, vyumba vitatu vinabeba watu watano, na mtoto aliyetimiza mwaka mmoja lakini yuko chini ya miaka kumi ni nusu mtu katika hesabu hiyo. Ninyi mtakuwa watatu na nusu. Binti awe na chumba chake, kwa sababu aliyetimiza miaka kumi hahesabiwi kulala chumba kimoja na mtu wa jinsia nyingine wasio mume na mke. Pata barua ya mwenye nyumba inayokubali idadi hiyo, na mkataba wako uwe na muda wa kutosha mbele.

Yule wa pauni 800 muulize kama amesajiliwa na mamlaka ya washauri wa uhamiaji, ambayo tangu Januari mwaka huu inaitwa Immigration Advice Authority, au kama ni wakili mwenye leseni. Asiye mmoja wa hao anavunja sheria kwa kukushauri hata bure, na aliye mmoja wao hawezi kukuahidi kwamba anajuana na watu.

Mtihani usikuzuie. Fomu hujazwa na kulipiwa mtandaoni, na binti hatakiwi kutoka darasani kwa ajili ya hilo. Kinachomhitaji yeye mwenyewe ni kipimo cha kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa, ambacho cheti chake hudumu miezi sita, na siku moja Dar es Salaam ya kutoa alama za vidole, ambayo unaweza kuipanga mitihani ikishakwisha. Kusanya kwanza barua ya mwalimu, kiapo cha mama yako na maelezo ya Mombasa, uwasilishe ya binti kabla ya Novemba kuisha. Ya mkeo na mtoto yafuate akishapata cheti cha lugha, na ukumbuke kuchapisha upya taarifa za benki siku hiyo, kwa sababu za leo zitakuwa zimepitisha siku 28.